Upele baada ya kazi msituni: Si kila mwasho ni wa thabai

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa kupogoa miti. Mikima iliyo kwenye mpaka wa shamba letu karibu na Njoro ilikuwa imerefuka kiasi cha kuyanyima mahindi jua. Nilichukua panga na msumeno, nikakunja mikono ya shati hadi viwikoni, nikapanda kupunguza matawi. Jioni nikaoga, nikalala, nisione neno.

Jumatatu mchana, nikiwa ofisini nahariri habari za wenzangu, mikono ilianza kuniwasha. Kufikia Jumanne ngozi ilikuwa imevimba, na juu yake yamejipanga malengelenge madogo kwa mistari, kana kwamba nimechapwa kwa ufito wa moto.

Nyumbani hakukosekana mganga. Mke wangu alisema ni thabai. Jirani akashikilia kwamba ni nzi wa Nairobi. Muuzaji wa duka moja la dawa akatazama kwa mbali, akatamka kwamba ni choa, yaani mashilingi, akaniuzia krimu. Nikaipaka kwa siku nne, na mwasho ukazidi.

Wote watatu walikosea. Aliyepata jibu ni tabibu mmoja aliyeniuliza swali moja kabla hata ya kuigusa mikono yangu: "Mzee, siku mbili kabla ya kuanza kuwashwa, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Katika eneo hili letu la Nakuru na Bonde la Ufa ya kati, maelfu ya watu huishi kwa kazi za miti na mimea. Wapo wapasua mbao wa Elburgon na Molo, wakulima wa Bahati, Dundori na Subukia, wakataji ua, wakusanya kuni na wapalilizi. Wengi wao hupata upele wakati mmoja au mwingine. Wengi pia hutibiwa ugonjwa wasio nao, kwa kuwa humwonyesha daktari ngozi bila kumsimulia kazi waliyoifanya.

Saa ndiyo shahidi

Mimea huidhuru ngozi kwa njia tatu kuu, na kila njia ina saa yake.

Ya kwanza ni kuchoma. Mmea una vinyweleo vinavyodunga ngozi na kuingiza sumu papo hapo. Maumivu huja kwa sekunde au dakika, na kwa kawaida hupoa katika muda wa saa chache.

Ya pili ni kuunguza. Utomvu wa mmea huichubua ngozi kama afanyavyo mtu aliyemwagikiwa na dawa kali. Madhara huonekana baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa, na yeyote aliyeguswa na utomvu wa kutosha huungua, awe nani awe nani.

Ya tatu ni mzio. Hii haimpati kila mtu. Humpata yule ambaye kinga ya mwili wake imekwisha kujifunza kuichukia kemikali fulani. Upele huu haujitokezi siku ile ile. Huchukua saa 12 hadi siku mbili au zaidi, na ukishatokea unaweza kudumu wiki mbili au tatu.

Msomaji akiyashika haya matatu, yaani dakika, saa na siku, atakuwa amekwisha kupata nusu ya jibu.

Thabai: mchomaji asiyejificha

Thabai, kwa jina la kitaalamu Urtica massaica, huota katika nyanda za juu zenye unyevu, hasa kandokando ya misitu, mabondeni, na mahali palipowahi kuwa na maboma ya mifugo. Wengine huuita upupu, ijapokuwa upupu halisi ni mmea mwingine, mtambaazi wa nchi za joto wenye maganda yaliyofunikwa kwa manyoya yanayowasha.

Majani na mashina ya thabai yana vinyweleo mfano wa sindano za kioo. Ukivigusa, ncha hukatika, na sindano humwaga ndani ya ngozi mchanganyiko wa kemikali, mojawapo ikiwa histamini, ile ile ambayo mwili hutoa mtu anapoumwa na nyuki.

Aliyechomwa na thabai hahitaji kuambiwa. Anajua alipoguswa na wakati alipoguswa. Asisugue mahali hapo, maana kusugua huzidi kuvizamisha vinyweleo. Aoshe kwa maji baridi na sabuni, kisha avumilie. Kesho yake huwa amesahau.

Thabai ina wema wake pia. Ikichemshwa, vinyweleo hupoteza makali, na wengi wetu tumelelewa kwa mukimo uliopondwa pamoja na majani yake. Ndiyo maana si haki kuibebesha lawama ya kila upele. Upele ulioanza siku mbili baada ya kazi, ukadumu kwa wiki nzima, si wa thabai.

Utomvu mweupe na hatari ya macho

Anayetembelea Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru huonyeshwa msitu wa euforbia upande wa mashariki, miti mirefu yenye matawi yaliyosimama kama mishumaa. Mashambani tuna ndugu yake mdogo, mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria, na ambao hupandwa sana kuwa ua.

Mimea hii ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huichubua ngozi na kutoa malengelenge. Lakini hatari yake kubwa ni kwa macho. Tone moja likirukia jicho, au mtu akijipangusa jasho kwa mkono uliochafuka, jicho huanza kuuma, huvimba, na uwezo wa kuona huweza kupungua kwa siku kadhaa. Asipotibiwa vizuri, kioo cha jicho kinaweza kupata kidonda na kuacha kovu.

Jambo la kufanya ni moja, nalo halingoji. Osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, huku kope zikiwa zimefunuliwa, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua. Usitie maziwa ya mama, wala chai, wala dawa ya macho iliyosalia ya mtu mwingine.

Anayekata ua wa mnyaa bila miwani ya kukinga macho anacheza kamari na mboni zake.

Mukima, binamu wa sumu ya Marekani

Sasa tuirudie mikono yangu.

Huko Marekani, hasa katika majimbo ya pwani ya magharibi kama California, kuna kichaka kinachoogopwa na kila afanyaye kazi msituni. Wamarekani hukiita mwaloni wa sumu, ingawa si mwaloni hata kidogo. Utomvu wake una mafuta yaitwayo urushioli, na chembe ndogo tu hutosha kumletea mwenye mzio upele wa malengelenge kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakenya wanaoishi huko na kwenda kufanya kazi za bustani hukutana nacho bila kujua, kwa sababu hawakukulia penye mmea wa namna hiyo.

Kichaka hicho hakioti katika misitu yetu. Hata hivyo, kemikali inayokaribiana nayo sana kwa umbo tunayo, na tuliipanda kwa mikono yetu wenyewe.

Mukima, au mgrevilea, kwa jina la kitaalamu Grevillea robusta, asili yake ni mashariki mwa Australia. Uliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ili kuyapa mashamba ya kahawa na chai kivuli. Ukapendwa kwa kuwa hukua upesi, mizizi yake haisumbui sana mimea jirani, na hutoa kuni na mbao. Leo ni vigumu kupita shamba la nyanda za juu za Kenya usiuone kwenye mpaka, na majani yake yaliyochanika kama ya kangaga na maua yake ya rangi ya machungwa.

Mti huu una kemikali ambayo wanasayansi wameiweka katika ukoo mmoja na urushioli. Kwa watu wengi haina neno. Kwa wachache, kugusa majani, utomvu au vumbi la mbao yake huamsha mzio. Mistari niliyoiona mikononi mwangu ni alama za matawi yaliyonikwaruza. Na kwa kuwa kemikali hizi zinafanana, mwili uliojifunza kuichukia moja huweza kuikataa na nyingine.

Jamaa wengine wa ukoo huo wa kemikali tunao sokoni. Mwembe na mkorosho ni wa familia moja na ule mwaloni wa sumu. Wapo watu ambao wakila embe kwa kuling'ata na ganda lake, midomo na pembe za kinywa huvimba na kutoa vipele baada ya siku moja au mbili. Hawana ubaya na nyama ya embe. Mara nyingi tatizo ni utomvu ulio kwenye ganda na kikonyo, na wakimenyewa na mtu mwingine huenda wakala bila shida.

Kuhusu korosho, mafuta meusi yaliyo ndani ya ganda ni makali mno. Wabanguaji wa korosho katika pwani ya Kenya na kusini mwa Tanzania wanayafahamu kwa vidole vyao, na ndiyo sababu hujipaka majivu au mafuta, au huvaa glavu, kabla ya kuanza kubangua.

Kwa nini jana na si mwaka jana?

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: nimepogoa mikima tangu utotoni, mbona nisidhurike hadi uzeeni?

Jibu ni kwamba hakuna azaliwaye na mzio wa namna hii. Ni somo ambalo mwili hujifunza. Kemikali hupenya ngozi na kujishikiza kwenye protini zake. Chembechembe za ulinzi huichukua na kuipeleka kwenye tezi, na huko askari wa kinga hufundishwa kuitambua. Somo hilo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na mara nyingi hupita kimyakimya.

Siku kemikali itakaporudi, askari hao huikumbuka. Hukusanyika mahali ilipo na kuishambulia, na ngozi yako ndiyo inayogeuka uwanja wa vita. Kukusanyika huko huchukua siku moja au mbili, na ndiyo maana upele huchelewa.

Wengine hujifunza baada ya kuguswa mara chache. Wengine hufanya kazi miaka kumi au ishirini ndipo wapatwe. Mwili ukishajifunza, kwa kawaida hausahau. Kwa mtu anayepogoa mara moja kwa mwaka, hayo ni maudhi tu. Kwa kijana anayelisha watoto kwa msumeno, ni suala la riziki.

Kijana aliyekuwa akitupasulia mbao kwa miaka mingi aliipoteza kazi hiyo kwa njia hiyo hiyo. Mikono ilimpasuka, ikapona, ikapasuka tena kila aliporudi kwenye vumbi la mukima. Alidhani amelogwa na mshindani wake, akatumia fedha nyingi kutafuta wa kumwagua. Leo anachoma matofali. Laiti angelijua mapema, huenda angeliendelea na ufundi wake kwa kuvaa glavu, kufunika mikono na kuchagua miti mingine.

Gugu karoti na pareto

Mimea mingine huleta mzio bila ya kuguswa moja kwa moja.

Gugu la parthenium, ambalo Tanzania huliita gugu karoti kwa jinsi majani yake yanavyofanana na ya karoti, lilitoka Amerika ya kitropiki. Limeenea kandokando ya barabara, malishoni na kwenye mashamba yaliyoachwa katika sehemu nyingi za Kenya, ikiwemo Maasai Mara. Lina maua madogo meupe, na mmea mmoja huweza kutoa maelfu ya mbegu.

Vumbi la majani na vinyweleo vyake vilivyokauka hupeperushwa na upepo. Kwa mwenye mzio, upele hujitokeza usoni, kwenye kope, shingoni, na kwenye mikunjo ya viwiko. Kwa kuwa hushika sehemu zilizo wazi, mara nyingi hudhaniwa kuwa ni jua. Nchini India, ambako gugu hili lilienea kuanzia miaka ya 1950, mzio wake umekuwa tatizo kubwa la ngozi kwa wakulima. Waling'oao gugu hili kwa mikono mitupu wanapaswa kulijua hilo.

Pareto, zao lililoipa sifa Molo, Mau Narok na kiwanda cha Nakuru enzi ambazo Kenya iliongoza duniani kwa uzalishaji wake, ni ya familia moja na gugu karoti. Vumbi la maua yake makavu limejulikana kwa muda mrefu kwamba huwaletea baadhi ya wafanyakazi upele na mafua ya mzio. Anayedhurika na moja kati ya mimea hii anaweza kudhurika na nyingine za familia hiyo, yakiwemo maua ya krisanthemamu yanayokuzwa kwa ajili ya kuuzwa.

Mdudu wa usiku

Kabla ya kuulaumu mmea, mwondoe mshukiwa mmoja. Nzi wa Nairobi si nzi bali ni mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, asiyefika sana sentimita moja kwa urefu. Huongezeka baada ya mvua nyingi, kama ilivyokuwa wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, na huvutwa na taa za usiku.

Mdudu huyu haumi wala hadungi. Sumu yake hutoka akipondwa juu ya ngozi. Baada ya siku moja hivi hujitokeza mchubuko mwekundu au mweusi unaochoma zaidi ya kuwasha, mara nyingi mstari mmoja shingoni au usoni. Penye mkunjo wa ngozi, kidonda hujinakili upande wa pili. Wengi huudhania mkanda wa jeshi.

Ukimwona ametua juu yako, mpulize, usimponde. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Kinachomtofautisha na mimea ni kwamba madhara yake huonekana asubuhi baada ya kulala penye taa, hata kwa mtu ambaye hakukanyaga shambani.

Saa ya kwanza ni ya sabuni

Kama umegusa mmea unaoushuku, usingoje upele. Mafuta ya aina ya urushioli hupenya ngozi upesi. Ukiyaosha ndani ya dakika 10 za kwanza, huenda ukaepuka madhara kabisa. Ukichelewa saa moja au mbili, bado utapunguza ukali wake.

Tumia maji mengi na sabuni yoyote ya kawaida, hata ile ya kipande ya kufulia. Sugua polepole kwa kitambaa, suuza, kisha rudia mara mbili au tatu, kwa kuwa mafuta hayatoki kwa maji peke yake. Usisahau chini ya kucha, maana kucha ndizo hupeleka sumu usoni na sehemu za siri.

Vua nguo za kazi na uzifue peke yake. Osha panga, mpini wa shoka, kamba na gambuti. Mafuta haya hukaa kwenye vyombo kwa muda mrefu, na wapo wanaopata upele upya kila wiki kutokana na glavu au mpini ambao haukuoshwa. Mbwa aliyepita kichakani naye huweza kuyaleta nyumbani kwenye manyoya yake.

Upele ukishatokea

Kwanza, usiogope kumwambukiza mtu. Upele wa mzio hauambukizi. Maji ya malengelenge hayana sumu, wala hayasambazi upele. Ukionekana kuenea siku ya tatu au ya nne, ni kwa sababu ngozi nyembamba hujibu mapema kuliko ngozi nene, au kwa sababu bado unagusa kitu chenye mafuta yale.

Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Losheni ya kalamaini hupoza mwasho. Upele mdogo waweza kupakwa krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache. Vidonge vya kuzuia mzio vinavyoleta usingizi husaidia kulala usiku, ijapokuwa haviuondoi upele wenyewe.

Kata kucha ziwe fupi. Usiyapasue malengelenge, kwa maana ngozi hiyo ndiyo bandeji ya asili. Ukijikuna hadi kutoa damu, unawafungulia mlango vijidudu vya usaha.

Kwa ngozi zetu nyeusi, msomaji asitafute wekundu unaotajwa na vitabu. Upele waweza kuonekana wa zambarau, kijivu, au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka. Ukipona huacha alama nyeusi zinazoweza kudumu miezi kadhaa. Alama hizo si ugonjwa na hufifia zenyewe. Usizikimbilie kwa krimu za kung'arisha ngozi.

Ya kuepuka

Mafuta taa, maji ya betri, dawa ya meno, chumvi na dawa za kuua vijidudu vya chooni havina nafasi juu ya ngozi iliyochubuka. Vyote huongeza kidonda juu ya kidonda.

La hatari zaidi, kwa kuwa linafanana na tiba, ni krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila maagizo ya daktari, zenye dawa ya kuvu, ya bakteria na steroidi kali kwa pamoja. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku mbili, mgonjwa akafurahi, kumbe chanzo kipo pale pale. Zikitumiwa kwa miezi, hasa usoni, ngozi huwa nyembamba, hutoa mistari na chunusi, na ugonjwa hurudi kwa kishindo kila zinapoachwa.

Pia usichome moto mimea unayoishuku. Huko Marekani moshi wa mwaloni wa sumu umewahi kuyadhuru mapafu ya wazimamoto na wakulima. Moshi wa maganda ya korosho nao ni mkali.

Lini uende hospitalini

Nenda upesi iwapo uso au macho yamevimba, sehemu za siri zimeathirika, unapumua kwa shida, au umevuta moshi. Nenda pia ukiona usaha, homa, upele uliofunika sehemu kubwa ya mwili, au ambao haujapungua baada ya wiki mbili.

Kwa upele mkali, daktari huenda akaandika vidonge vya steroidi kwa wiki mbili au tatu, vikipunguzwa hatua kwa hatua. Usiviache siku ya tano kwa kuwa umepata nafuu. Upele huweza kurudi. Mjulishe kama una kisukari, shinikizo la damu au vidonda vya tumbo, kwa sababu dawa hizi huyagusa maradhi hayo.

Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, na wengi wao wako mijini. Lakini wapo matabibu waliosomea ngozi, wakiwemo waliohitimu katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda huko Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa mwaka 1992. Uliza katika hospitali ya kaunti. Wanaweza pia kukuelekeza kwenye kipimo cha viraka, ambapo kemikali zinazoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48 ili kujua ni ipi hasa unayoichukia.

Haki ya mfanyakazi

Kwa aliyeajiriwa, jambo hili si la bahati mbaya tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayekabiliwa na vitu vya kudhuru vifaa vya kujikinga. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya mwaka 2007, inatambua magonjwa yatokanayo na kazi na si majeraha peke yake.

Lakini hakuna sheria itakayomsaidia asiyeweza kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Kwa hiyo andika. Kijitabu cha shilingi chache kinatosha: tarehe, kazi uliyofanya, mti ulioukata, siku upele ulipoanza, na sehemu ulipoanzia. Baada ya matukio mawili au matatu, kijitabu hicho kitamweleza daktari mengi kuliko ngozi yenyewe.

Kuhusu kinga, hakuna fumbo. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, gambuti na glavu za ngozi nene au za mpira. Funika pua na mdomo unapopasua mbao, na vaa miwani unapokata ua wa utomvu. Beba kibuyu cha maji na kipande cha sabuni hadi kazini, kwa sababu sabuni iliyo nyumbani haiwezi kuiwahi dakika ya kumi.

Mikono yangu ilipona baada ya wiki tatu. Mikima bado ipo mpakani, wala sina nia ya kuing'oa. Imetupa kuni na mbao kwa miaka mingi. Lakini siku hizi, msimu wa kupogoa ukifika, huvaa glavu na shati la mikono mirefu, na ndoo ya maji na sabuni hunisubiri chini ya mti.